Ubeti Niliomwimbia Kyalo

Mimi ni fundi wa simu hapa Makindu. Simu ikiingia maji, naifungua, naisugua ndani na spiriti kwa mswaki mzee, naiombea kidogo, inawaka. Wateja wanapenda kukaa kwa kibanda changu kwa sababu nina mdomo. Mtu analeta simu imekufa, anaenda nyumbani akicheka hata kama simu bado imekufa. Lakini kuna siku nafungua ile chupa ya spiriti, harufu inanipanda puani, na utani wote unaniisha kama mtu amezima jenereta. Vijana wa hapa wananiuliza, "Kwani umeona shetani?" Nawaambia macho inawasha. Si macho. Ni kaka yangu Kyalo akirudi kutoka klinik. Ndivyo alikuwa ananukia, na nikiwa mtoto niliikimbia hiyo harufu kama moshi wa pilipili.

Kwetu ni Kasikeu. Kyalo alinipita miaka minne, na kwa urefu alinipita vile mlingoti wa stima unampita mbuzi. Miguu yake ilikuwa mirefu hadi suruali ya shule, hata ikinunuliwa leo, kesho ilikuwa ya kuvukia mto. Na alikuwa mpole. Kuku akivunjika mguu, kila mtu aliona supu. Kyalo aliona mgonjwa. Angemfunga kijiti na kitambaa, na kuku mwenyewe alitulia kwa mikono yake, anamwangalia tu.

Shida yake ilikuwa maneno. Ungemuuliza, "Mbuzi wamekunywa maji?" halafu ungoje. Jibu lilikuwa linakuja, lakini lilikuwa linatembea kwa miguu. Mimi sikuwa na subira. Nilimalizia sentensi zake zote. Akisema "Mbuzi wa..." mimi nishasema wamekunywa, wamelala, mmoja ana kikohozi. Watu walinisifu, "Huyu mdogo ana akili ya watu wawili!" Nikavimba kichwa. Sikujiuliza huyo wa pili alibaki na nini.

Shuleni alirudia darasa la sita. Mwalimu alikuwa anamsimamisha mbele asome kwa sauti, herufi zinamkataa, anaambiwa ni mvivu. Halafu akifika miaka kumi na minne hivi, kifua kikaanza kumvimba pande zote mbili. Akaacha kwenda kuoga mtoni na wenzake. Hata jua la saa nane, ile ya kuchoma mawe, alivaa sweta. Mwaitu, hivyo ndivyo tunamwita mama kwetu, alidhani ni mapafu. Akampeleka zahanati. Nesi wa zahanati alimwangalia, akamuuliza maswali polepole, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko wakatoa damu, damu ikapelekwa Nairobi, na sisi tukangoja majibu hadi mahindi ya shambani ikakauka.

Siku ya majibu, shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nilipelekwa pia. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua hospitali ni mahali pa kuzungushwa: nenda dirisha la tatu, rudi la kwanza, yule wa la tano ameenda chai. Lakini hapo haikuwa hivyo. Daktari wa homoni, kaunsela, na yule wa mambo ya chakula na mifupa walikuwa kwa korido moja, siku moja, na kabla Kyalo aingie walikuwa washaongea juu yake. Daktari alitaja jina la hiyo hali, refu la kizungu, Klinefelter. Mwaitu aliomba aandikiwe nyuma ya kadi ili asilipoteze njiani.

Kisha tukapelekwa kwa kaunsela, mama mmoja mnene mwenye miwani na sauti ya mtu anayekuambia ukae ule. Tulimwita Madam. Alitoa kifuko cha karatasi kwa droo, akamwaga punje za mahindi na maharagwe juu ya meza. Mimi nikafikiri tunapikiwa.

"Kyalo, angalia," akasema. "Msichana anazaliwa na mahindi mbili. Mvulana, hindi moja na haragwe moja. Wewe ulizaliwa na mahindi mbili na haragwe moja. Hiyo hindi ya pili imejileta tu. Hakuna mtu alikosea. Si mama, si baba, si wewe. Na si laana, hata mtu akija na Biblia akuambie ni laana."

Mwaitu alikuwa ameshika mkoba na mikono miwili. "Sasa, Madam, huyu mtoto wangu ni nini?"

"Ni kijana, mama. Haragwe likiwa hapo, ni kijana. Lakini mwili wake unatengeneza homoni ya kiume kidogo kuliko inavyotakikana. Ndiyo maana anachoka, na kifua ni hivyo, na mifupa yake lazima tuichunge. Tutamwongezea kwa sindano, kila mwezi. Na hiyo shida ya kusoma na maneno, hiyo nitaongea na mwalimu wake. Kichwa chake hakina kasoro. Kinataka kungojwa."

Kyalo akaangalia punje. Akafungua mdomo. Madam akangoja. Mimi nikavuta pumzi nimsaidie, Madam akaniinulia kidole bila kuniangalia. Tukangoja, tukangoja. Mwishowe Kyalo akasema, "Kwa hivyo... si mimi ni mvivu."

"Wewe si mvivu," Madam akasema. Nikaona kaka yangu amekaa wima, na nikajua nilikuwa sijawahi kuona urefu wake wote.

Halafu Madam akanigeukia. "Na wewe, ndugu mdogo. Una swali?"

"Hapana, Madam. Ila mahindi imenikumbusha njaa."

Wote wakacheka, hata Kyalo. Na mimi nilikuwa na swali. Lakini mtoto akishazoea kuchekesha, kuuliza kunakuwa kama kuvua nguo mbele ya watu.

Swali langu ni hili. Mimi nilikuwa mtoto wa mpira wa makaratasi, na niliona meza ile kama matokeo. Mahindi mbili, haragwe moja. Mbili kwa moja. Kwa hesabu yangu, wasichana walikuwa wanaongoza ndani ya kaka yangu, na sindano ilikuwa ya kutafuta bao la kusawazisha. Hilo la haragwe moja kutosha lilinipita juu ya kichwa. Na kibaya zaidi, mimi na Kyalo tulikuwa tunalala godoro moja, blanketi moja, tunapigania mto mmoja. Homa ilipita kwa blanketi, upele ulipita kwa blanketi. Hindi la ziada lingeshindwa na nini?

Nikaanza kujikagua kifua kila asubuhi nyuma ya choo. Nikamwambia Mwaitu kwamba Kyalo anapiga mateke usingizini, nikahamia stoo, juu ya magunia ya ndengu. Kyalo akaja mlangoni na blanketi letu akiwa amelikunja vizuri. Alisimama hapo muda mrefu. "Rudi," akasema. "Sita... sitapiga teke tena." Maskini hakuwahi kupiga teke hata moja. Nikamwambia ndengu ni laini.

Miezi ikasonga, na sindano ikafanya kazi yake, na Madam akafanya yake. Mwalimu aliitwa, akaelezwa. Kyalo akapewa kiti cha mbele, akaambiwa kitu kimoja kimoja, na hakusimamishwa tena kusoma kwa sauti asipotaka. Nguvu zikamjia. Alikuwa anabeba mitungi miwili ya maji kutoka mtoni bila kupumzika. Siku moja nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba, nikafikiri ni mgeni, sauti ilikuwa imeshuka hivyo. Kila mwezi alienda na Mwaitu, anarudi ananukia spiriti, na mara nyingine ana mafuta ya chipsi mdomoni. Mimi niliachiwa mbuzi. Nikisema niliogopa tu, nitakuwa nadanganya. Nilikuwa pia na wivu wa chipsi.

Sasa, kama wewe ni wa upande wetu unajua mwethya. Kama si wa huku, ni hivi: kabla mvua ianze, majirani wanaungana, leo shamba la huyu, kesho la yule, wanachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kurusha mchanga upande wa juu ili maji isikimbie nao. Kazi ni ngumu, kwa hivyo inaimbwa. Kuna mtu wa kutoa wimbo, anaitwa ngui, na ngui ana ruhusa ya kumtania mtu yeyote kwa jina. Mzee wa kanisa, mama mkwe, yeyote. Ukitaniwa, unajibu na ubeti wako. Watu wanaimba kiitikio wakikungoja: "Mjibu, mjibu, tusikie!" Ukijibu vizuri, umeshinda. Ukikasirika, umejiaibisha mara mbili.

Mwaka huo Kyalo alienda mwethya na jembe lake mwenyewe, kwa laini ya watu wazima. Mwaitu alimwangalia akienda hadi akapotea kwa kona. Mimi nilienda kubebea watu maji ya kunywa. Ngui wetu alikuwa Mama Nduku, mwanamke wa mabega mapana na ulimi mpana zaidi. Sauti ikamkauka, akaniona nimesimama na kikombe.

"Haya wewe Mutuku, mdomo wa kijiji! Hebu toa tuone."

Mungu wangu. Nilitoa. Nilimwimba Mama Nduku mwenyewe, vile alikoroma kanisani hadi pasta akasema amina. Akanijibu kwamba afadhali yeye anayekoroma na nguo kavu kuliko kikojozi aliyefukuzwa hadi stoo, juu ya magunia ya ndengu. Watu wakaanguka. Nikamwimba mwenye shamba na uji wake mwepesi, unaweza kuona mjukuu wako ndani ya kikombe. Majembe yalikuwa yanapanda na kushuka kwa sauti yangu. Mtoto wa miaka kumi, na watu wazima thelathini wanachimba vile nataka! Sijawahi kulewa pombe, lakini nadhani huwa hivyo.

Halafu beti zikaniisha. Kiitikio kinazunguka, watu wananiangalia, sina kitu. Na mbele yangu hivi, Kyalo anachimba. Alikuwa amevua sweta. Mara ya kwanza kwa mwaka mzima, amevua sweta mbele ya watu, kwa sababu alikuwa na furaha na akasahau. Shati lilikuwa limelowa jasho, limeshika kifua.

Nikaimba. Tuliimba kwa Kikamba, lakini kwa Kiswahili ni kama hivi:

"Kyalo wetu ana mahindi mbili, haragwe moja,
Kila mwezi wanamdunga awe mwanaume."

Ningependa kukuambia watu walinyamaza. Hawakunyamaza. Walicheka. Wengine hata hawakuelewa mahindi ni ya nini, lakini walielewa kudungwa, walielewa mwanaume, na waliona shati. Na kwa sababu hiyo ndiyo desturi, wakamgeukia wakaimba: "Mjibu, mjibu, tusikie!"

Kyalo akasimama wima na jembe. Akafungua mdomo. "Mjibu, mjibu, tusikie!" Mdomo uko wazi, hakuna kitu. Nikaona maneno yakimpanda shingoni na kukwama. "Mjibu, mjibu, tusikie!" Mara ya tatu hiyo. Kila mtu kwa hiyo shamba alikuwa anangoja, lakini si kama Madam. Kuna kungoja kwa kumpa mtu nafasi, na kuna kungoja kwa kumwona akianguka.

Akaweka jembe chini polepole, kama anaweka mtoto. Akachukua sweta. Akaenda.

"Amekasirika!" mtu akapiga kelele. "Wueh, amekasirika!" Na wakacheka tena. Mama Nduku peke yake ndiye hakucheka. Aliniangalia akasema, "Mtoto, hiyo si ya kuimba." Lakini mimi nilikuwa nimeshaiimba.

Mwaitu hakunichapa. Nilikuwa nimejitayarisha, nimevaa kaptula mbili. Aliniita jikoni, akaendelea kupepeta ndengu, akauliza bila kuinua macho, "Ulitoa wapi hayo maneno?"

"Kwa Madam."

"Madam aliyasema mlango ukiwa umefungwa." Akapepeta. "Ni mimi nilikuingiza. Nilifikiri ni ndugu nimeingiza." Hakuniambia kitu kingine siku hiyo, na ningelipia nipewe kichapo badala yake.

Kyalo akakataa klinik. Siku ya sindano ikafika, Mwaitu akavaa, akangoja, Kyalo akalala akiangalia ukuta. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Shule pia akaacha, kwa sababu watoto walikuwa wanaimba ubeti wangu kwa lango, na wengine walikuwa wameuongezea. Nguvu zikamtoka. Mtungi mmoja wa maji ukawa wa kupumzika mara tatu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi huko Ikutha, upande wa Kitui, na Jumamosi moja alikuja nyumbani kukaa wiki nzima. Hakuwahi kukanyaga hiyo klinik hata siku moja, kila mara soko ilikuwa na shida. Jumamosi hiyo alikaa nje na chai yake, akasema, "Sasa imejulikana hadi sokoni. Hiyo sindano iwachwe. Wiki ijayo nitaenda na yeye Ikutha achunge mbuzi. Mbuzi hawaimbi."

"Na mifupa yake?" Mwaitu akauliza. "Na shule?"

"Mama Kyalo, umeniskia."

Jumatatu Mwaitu akanishika mkono tukaenda hospitali, mimi na yeye tu. Kyalo hakuwepo, lakini siku yake ilikuwa bado imeandikwa. Akanisukuma mbele ya Madam. "Sema." Nikasema. Nilianza na kamzaha, nikaona miwani imeniangalia bila kutikisika, nikasema vizuri.

Madam hakunigombeza. Akauliza, "Wewe ulifikiri ana nini?"

Basi nikamwambia. Mbili kwa moja. Sindano ya kusawazisha. Blanketi. Kifua changu nyuma ya choo kila asubuhi. Nikasikia Mwaitu nyuma yangu akivuta pumzi. Nilikuwa nimeanza kulia, kulia ya makamasi.

"Haiambukizi," Madam akasema. "Haiwezi kupita kwa blanketi. Na si mechi, Mutuku. Hakuna anayeongoza. Mbona hukuniuliza siku ile?"

"Nilitaka wacheke."

Akanipa karatasi ya kupangusa pua. "Nenda umwambie kaka yako ulichoogopa. Usimchekeshe. Na akianza kuongea, wewe funga mdomo hadi amalize. Hata ikiwa ni hadi jioni." Kisha akamwambia Mwaitu, "Nafasi yake iko. Na baba yake namtaka kwa hiki kiti."

Tuliporudi, Kyalo alikuwa nyuma ya zizi, amekaa juu ya jiwe, anarekebisha kamba ya mbuzi ya safari ya Ikutha. Nikasimama mbele yake. "Kyalo, unajua hata hiyo kamba ni fupi kwako..."

"Usinichekeshe."

Nikaketi chini kwa mbolea. Nikamwambia yote, hadi vile Madam anamtaka Baba. Alisikiliza bila kuacha kusokota. Nilipomaliza, akaacha kusokota. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Ulimi wangu ulikuwa unawasha, nilikuwa na maneno kumi ya kumpa, achague. Nikajiuma. Mbuzi wakarudi, wakapita katikati yetu, wakaingia zizini, na bado nilikuwa nangoja.

"Hata sio... hayo ya sindano," akasema. "Watu wangejua tu. Siku moja." Akangoja tena. "Lakini wewe... wewe ulijua nitakosa maneno."

Hapo ndipo nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu ilikuwa kweli. Kati ya watu wote kwa hiyo shamba, ni mimi peke yangu nilijua hawezi kujibu. Nilikuwa nimelala godoro moja na yeye miaka kumi, nikimmalizia sentensi. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Mama Nduku angenijibu. Mwenye shamba angenijibu.

"Ndio," nikasema. "Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa. Akaamka, akaenda kwa Baba pale nje, na kamba bado mkononi. Nilimfuata kwa mbali. Akasimama mbele ya Baba, akachukua muda wake, na Baba naye, sijui nini kilimshika, akangoja.

"Nitarudi klinik," Kyalo akasema. "Mbuzi... hapana. Baba, wewe utakuja na mimi. Madam anakutaka." Halafu akaninyooshea ile kamba. "Huyu asije."

Baba alivaa viatu vya kanisa siku ya katikati ya wiki. Nikawaona wakielekea barabarani, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mimi nikabaki na mbuzi.

Kyalo ni mzima leo. Ana kitalu cha miche ya maembe na machungwa, anabandika tawi la mche huu kwa shina la ule hadi watu wanatoka Makindu kununua kwake. Sindano zake anaenda mwenyewe. Ana mke, na mambo ya watoto wanaongea na daktari wao wawili, si kazi yangu wala yako. Ananipigia, tunaongea ya maembe, anacheka. Sijawahi kusikia akitaja mwethya.

Lakini kwetu kukiwa na harusi au matanga, ni mimi naitwa kuwa msemaji. Na nikishika maiki, kabla hata nitoe utani wa kwanza, namwona Kyalo kule nyuma akiinuka, anasonga nje polepole kama mtu anaenda haja ndogo. Nikikaa chini, anarudi.